Ngome, Vijiji na Misitu ya Ufaransa



Kila mtu katika kisiwa chetu ajua kwamba mkarafuu si mti wa asili ya hapa. Asili yake ni visiwa vya Maluku, huko mashariki ya mbali, na Waholanzi waliovitawala visiwa hivyo waliulinda kwa ukali mkubwa. Mikarafuu iliyoota nje ya mahali walipopachagua wao waliikata, ili karafuu isizagae na bei isishuke. Aliyeuvunja ulinzi huo alikuwa Mfaransa, jina lake Pierre Poivre, aliyezaliwa katika mji wa Lyon mwaka 1719. Jina lake la ukoo, kwa lugha ya kwao, maana yake ni pilipili manga. Mwaka 1745 alipoteza mkono wake wa kuume katika vita vya baharini na Waingereza, lakini hakuacha safari zake. Baadaye alifanywa msimamizi mkuu wa serikali katika kisiwa cha Mauritius, kilichokuwa kikiitwa Isle de France, akatuma merikebu kwenda Maluku, na mwaka 1770 miche ya karafuu na kungumanga ikafika bandari ya Port Louis. Kutoka huko mkarafuu ulienda kisiwa cha Réunion, na mwanzoni mwa karne ya 19 ukafika Unguja. Wataarikhi wengi humtaja Saleh bin Haramil al-Abry kuwa ndiye aliyeuleta.

Basi kuizungumza nchi ya Ufaransa katika gazeti la wakulima wa karafuu si kutoka nje ya shamba. Mti unaotulisha ulipitia mikononi mwa watu wa huko kabla ya kufika mikononi mwa wazee wetu.

Tulipata nafasi ya kutembea katika mashamba na misitu ya nchi hiyo kwa siku kumi na mbili, wakati majani ya miti yao yanapogeuka rangi na kupukutika. Tulikwenda kwa nauli yetu wenyewe, wala si kwa fedha za Chama. Twalisema hili mapema ili swali hilo lisipoteze wakati wa mkutano mkuu. Wengi wetu tukisikia Ufaransa twafikiri mji wa Paris na mnara wake wa chuma. Lakini ukitoka Paris mwendo wa saa moja kwa gari la moshi, wakuta mashamba ya ngano, vijiji vya nyumba za mawe, na misitu ambayo mtu aweza kuitembea siku nzima bila ya kusikia honi.

Hatuandiki ili kumsimulia mtu safari. Twaandika kwa sababu mengi tuliyoyaona yanagusa jambo lililotuchosha katika kila mkutano: mikarafuu mikongwe inakufa, wanaopanda mingine ni wachache, vijana wanakimbilia mjini, na baadhi yetu tumeanza kuyakata mashamba vipande na kuyauza viwanja. Someni, kisha mpime wenyewe.

Mtu aliyechora njia msituni

Tulianzia msitu wa Fontainebleau, kusini ya Paris. Ni msitu mkubwa, wapata hekta 17,000, na zamani ulikuwa mahali pa wafalme kuwinda. Ardhi yake ni mchanga mweupe, na juu ya mchanga huo yamelala majabali makubwa, mengine kama nyumba, mengine yamepangana hata mtu hujipenyeza kati yake kwa ubavu. Zamani majabali hayo yalikuwa yakipasuliwa na kuchongwa ili kutandikwa katika barabara za Paris.

Katika msitu huu alitokea mtu mmoja, Claude-François Denecourt. Alizaliwa mwaka 1788, akawa askari wa Napoleon, na vita vilipokwisha hakuwa na cheo wala mali kubwa. Aliupenda msitu. Kuanzia mwaka 1842 alianza kutafuta njia za miguu kati ya miti na majabali, akizisafisha na kuzitia alama za rangi ya buluu, ili mgeni aweze kuingia na kutoka peke yake bila ya kupotea. Aliandika na vitabu vidogo vya kuwaongoza watu, akaviuza. Reli ilipofika Fontainebleau mwaka 1849, watu wa mjini wakaja kwa wingi, na njia zilikuwa tayari zimewangoja. Alifariki mwaka 1875, na alama za buluu zingali zikionekana mpaka leo, zikitiwa rangi upya kila zinapofifia. Tulizifuata saa nne nzima, na hatukuwa na haja ya kumwuliza mtu.

Wakati ule ule, katika kijiji cha Barbizon kilicho ukingoni mwa msitu, walikaa wachoraji wa picha. Wao walikuwa wakiichora miti mikongwe, na walipoona inakatwa walilalamika kwa serikali. Mmoja wao, Théodore Rousseau, alikuwa mbele katika madai hayo. Mwaka 1861 serikali ilitoa amri kwamba sehemu ya msitu ya zaidi ya hekta 1,000 isikatwe, kwa ajili ya uzuri wake tu. Amri hiyo ilitangulia miaka kumi na moja kabla ya Wamarekani kuilinda Yellowstone mwaka 1872. Twaona kwamba waliouokoa msitu hawakuwa watu wakubwa. Mmoja alikuwa na ndoo ya rangi, na wengine walikuwa na brashi zao.

Kazi ya njia haikuishia Fontainebleau. Mwaka 1947, vita vikuu vilipokuwa vimekwisha juzi tu, watu wapendao kutembea walifungua kipande cha kwanza cha njia ndefu za miguu, karibu na mto Loire. Leo njia zilizotiwa alama nchini humo zapata kilomita 180,000. Njia ndefu huwa na mstari mweupe juu na mwekundu chini, umepakwa kwenye mti, jiwe au nguzo. Mistari ikipandana kama msalaba, maana yake ni kwamba umepotea, rudi nyuma. Njia fupi za kijiji huwa na rangi ya manjano. Na wanaozitunza, aghlabu, ni watu wa kujitolea wasiolipwa, ambao kila mmoja ana kipande chake cha kufyeka na kupaka rangi.

Tena njia hizo hupita hata kando ya mashamba ya watu. Mara nyingi tulifika kwenye ua wa ng'ombe, tukakuta lango dogo, na kibao chenye maneno machache: ukipita, funga. Kila aliyepita alifunga. Hapa kwetu twajua jinsi njia za kubebea karafuu zinavyozibwa mwaka hadi mwaka, huyu akisogeza ua wake hatua mbili, yule akipanda migomba katikati, mpaka mchumaji azunguke nusu maili na gunia kichwani.

Ngome inayojengwa leo

Wafaransa wana neno moja tu, château, kwa mambo ambayo sisi twayatenga. Sisi twasema ngome kwa jengo la vita, na kasri kwa nyumba ya mfalme. Ngome zao za zamani zina kuta nene, minara ya duara, madirisha membamba ya kutupia mishale, na handaki lililozunguka. Baadaye, vita vya ndani vilipopungua, wakubwa wakajenga makasri yenye madirisha mapana na bustani. Nchi yao imejaa yote mawili. Mengine ni mazima, mengine yamebaki ukuta mmoja na kunguru.

Ngome iliyotushangaza zaidi kuliko zote si ya zamani hata kidogo. Iko mahali paitwapo Guédelon, katika wilaya ya Yonne, ndani ya msitu, penye machimbo ya mawe yaliyokuwa yameachwa. Mwaka 1997 watu kadhaa, akiwemo Michel Guyot aliyekuwa na kasri la Saint-Fargeau jirani na hapo, waliazimia kujenga ngome mpya kwa kanuni za karne ya 13: bila ya mashine, bila ya umeme, bila ya saruji ya kiwandani. Watu wengi waliwaona wana wazimu. Leo minara imesimama, na kazi ingali ikiendelea.

Tulikaa hapo kutwa nzima. Mawe huchimbwa pale pale. Miti hukatwa katika msitu ule ule na kuchongwa kwa shoka. Udongo hufinyangwa vigae na kuchomwa katika tanuri ya kuni. Mawe hupandishwa juu ya mnara kwa gurudumu kubwa la mbao. Mtu huingia ndani yake na kutembea kama apandaye ngazi isiyokwisha, gurudumu likazunguka na kamba ikajikunja, na jiwe zito likapanda taratibu. Kipimo chao ni kamba yenye mafundo kumi na matatu, na kati ya fundo na fundo pana nafasi iliyo sawa. Ukiitandaza kwa pembe tatu, upande mmoja nafasi tatu, wa pili nne, wa tatu tano, wapata pembe ya mraba iliyo kamili. Fundi asiyejua kusoma aweza kuipata. Wazee wetu waliojenga kwa mawe na chokaa, na boriti za mikoko, wangelielewa kila jambo hapo bila ya mkalimani.

Fedha za kuendeshea kazi hutoka kwa wageni wanaolipa kiingilio ili waone. Lakini twapenda wanachama wazingatie faida nyingine. Vijana walioingia pale wametoka na ufundi uliokuwa karibu kupotea: kuchonga boriti kwa shoka, kuchoma chokaa, kupima bila ya karatasi. Mwaka 2019, tarehe 15 Aprili, paa la kanisa kuu la Notre-Dame huko Paris liliungua, na boriti zake za zaidi ya miaka mia saba zikawa majivu. Ilipoamuliwa kulijenga tena kama lilivyokuwa, walihitajiwa maseremala wawezao kuchonga miti kwa mkono. Baadhi yao walipatikana Guédelon. Kazi iliyochekwa mwaka 1997 ikatafutwa kwa taa miaka ishirini na zaidi baadaye.

Nasi tunao ujuzi wa aina hiyo. Kupandikiza mche wa mkarafuu usife katika mwaka wa kwanza, kupanda mti mrefu kwa kamba bila ya kuvunja matawi, kuanika karafuu juu ya majamvi ikauke rangi yake nzuri isiwe mpeta. Hayo hayamo katika kitabu kimoja. Yamo katika vichwa vya wazee ambao kila mwaka twawazika wawili watatu.

Kasri na ukuta wake

Kutoka hapo tulikwenda bonde la mto Loire, tukaliona kasri la Chambord. Mfalme François wa Kwanza alianza kulijenga mwaka 1519. Lina vyumba zaidi ya 400, mahali pa kuota moto 282 na ngazi 77. Katikati pana ngazi moja mashuhuri, ambayo hasa ni ngazi mbili zilizosokotana; mmoja akipanda huku na mwingine akashuka kule, huonana kwenye vidirisha wala hawakutani. Paa lake limejaa minara na dohani hata ukilitazama kwa mbali wadhani ni mji.

Na mfalme huyo alikaa humo siku ngapi? Katika miaka 32 ya utawala wake, inahesabiwa siku 72 tu. Alikuja kuwinda, na vitanda, mazulia na vyombo vilibebwa kila alipokuja na kubebwa kila alipoondoka. Kulizunguka kasri pana msitu wa hekta 5,440, na kuuzunguka msitu pana ukuta wa mawe wenye urefu wa kilomita 32. Mtu akitembea kwa mguu, kuuzunguka wote humchukua karibu kutwa.

Ukuta ule ulitufanya tufikiri. Ni kweli kwamba umeuhifadhi msitu mpaka leo, na kulungu na nguruwe mwitu wangali humo. Lakini katika zama hizo kuwinda kulikuwa haki ya mfalme na mabwana peke yao. Wanyama wao waliweza kula mazao ya mkulima, na mkulima akiua mmoja alipata adhabu kali. Ndiyo maana wananchi walipoasi, haki hiyo ya kuwinda ilikuwa katika mambo ya kwanza kufutwa, mwezi wa Agosti mwaka 1789. Twalitaja hili ili asije mtu akasema kwamba kila lililohifadhiwa lilihifadhiwa kwa wema. Msitu uliotunzwa kwa kumnyima jirani huzaa uadui. Leo Chambord ni mali ya taifa, tangu mwaka 1930, na anayetaka kuliona hulipa kiingilio akaingia. Mwaka 1939, vita vilipokaribia, picha za thamani kutoka Paris, pamoja na ile ya Mona Lisa, zilipelekwa kufichwa humo. Kumbe kasri la mfalme wa siku 72 lilikuja kuwafaa watu ambao mfalme hakuwajua.

Mialoni ya Colbert

Sasa twafika penye kiini cha maneno yetu. Katikati ya Ufaransa, katika wilaya ya Allier, pana msitu wa Tronçais, wapata hekta 10,600. Mti wake mkuu ni mwaloni, mti wa nchi za baridi wenye mbao ngumu kama mvule. Jean-Baptiste Colbert, waziri wa mfalme Louis wa 14, aliona kwamba misitu ya nchi imeharibiwa kwa kukatwa ovyo, na kwamba haitapatikana miti ya kuundia merikebu za vita. Mwaka 1669 ilitoka sheria ya maji na misitu. Iliamuru kwamba anayekata msitu lazima aache idadi ya miti mizima ya kutoa mbegu, na kwamba vijiji na makanisa yenye misitu yaache robo ya misitu yao isiguswe, ikue iwe ya miti mikubwa. Robo, ndugu zetu. Hawakuambiwa waache yote, wala hawakuachiwa wale yote.

Mwaloni wa kutoa mbao nzuri hungojwa miaka mia mbili na zaidi. Aliyeandika sheria alijua kwamba hatauona, wala mwanawe hatauona. Na taarikhi ilimcheza Colbert kama inavyowacheza wote wapangao. Miti iliyolelewa kwa ajili ya merikebu ilipofika umri wa kukatwa, merikebu zilikuwa zikiundwa kwa chuma. Tena katikati ya safari, mwaka 1788, zilijengwa tanuri za chuma katika msitu huo, na sehemu kubwa ikakatwa kwa makaa. Hata hivyo iliyobaki ikalelewa tena. Mbao za Tronçais leo hutakiwa sana kwa kutengenezea mapipa ya mvinyo, na bei yake ni kubwa. Aliyepanda hakujua mti utatumika kwa nini. Alijua tu kwamba watu watahitaji miti.

Paa la Notre-Dame lilipoungua, zilihitajiwa boriti ndefu, nene, zilizonyooka. Wenye misitu, ya serikali na ya watu binafsi, walitoa mialoni zaidi ya elfu moja kutoka pande zote za nchi. Mwezi wa Machi mwaka 2021, katika msitu wa Bercé, ilikatwa mialoni minane mikubwa ya kujengea mnara uliochongoka juu ya kanisa, na miti hiyo ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka mia mbili. Mwezi wa Disemba mwaka 2024 jengo lilifunguliwa tena. Fedha zilitoka duniani kote, lakini fedha peke yake hazikuweza kununua mti wa miaka mia mbili kama hapakuwa na mtu aliyeupanda miaka mia mbili iliyopita.

Tulisimama chini ya mialoni ya zamani za Colbert asubuhi yenye ukungu. Shina moja tulilikumbatia watu wawili, vidole havikukutana. Hapakuwa na kelele ila ya tunda la mwaloni, dogo kama kungu, likianguka juu ya majani makavu.

Wapo wenzetu wanaosema: kupanda mkarafuu leo ni kumpandia mtu mwingine. Mkarafuu huanza kuzaa kwa miaka sita au saba, ndugu. Si miaka mia mbili! Aliye na umri wa miaka hamsini na mitano leo, akipanda vuli hii, kwa uwezo wa Mungu atachuma kwa mkono wake. Na sisi sote tumekula mikarafuu ambayo hatukuipanda.

Kijiji cha mawe mekundu

Mwisho wa safari tulifika Collonges-la-Rouge, kijiji cha wilaya ya Corrèze, chenye wakazi wasiofika 600. Nyumba zake zimejengwa kwa jiwe jekundu kama udongo wetu wa shamba, zina minara midogo ya duara, na jua la jioni likizipiga huwa kama zimewashwa taa ndani.

Uzuri haukukinusuru kijiji peke yake. Sehemu nyingi za mashambani ya Ufaransa zilipata misiba mitatu iliyofuatana. Wa kwanza ni mdudu wa mizabibu aitwaye filoksera, aliyeingia kutoka Marekani katika miaka ya 1860 na kuiua mizabibu ya nchi nzima kuanzia mizizini, kama ugonjwa wa kifo cha ghafla ulivyoiua mikarafuu yetu. Dawa iliyopatikana ilikuwa kuunganisha mzabibu wa kwao juu ya shina la mzabibu wa Marekani, ambalo mdudu huyo haliwezi. Wa pili ni vita vya 1914 hadi 1918. Karibu kila kijiji tulichopita kina nguzo ya mawe yenye majina ya waliokufa. Katika kijiji kimoja kidogo tulihesabu jina moja la ukoo mara nne. Wa tatu ni vijana kuhamia mijini. Nyumba zikafungwa, mapaa yakaporomoka.

Meya wa Collonges, Charles Ceyrac, aliona kwamba kijiji kimoja hakina nguvu. Mwaka 1982 mameya 66 walikutana katika mji mdogo wa Salers wakatia saini mkataba wa chama cha vijiji vizuri vya Ufaransa. Masharti yake ni mepesi kuyasema na mazito kuyatimiza. Kijiji kisiwe na watu zaidi ya 2,000. Kiwe na angalau majengo au mahali pawili panapolindwa na sheria. Baraza la kijiji lenyewe lipige kura ya kuomba. Wakaguzi huja kutazama, na kijiji kikiacha kushika masharti, kinaweza kutolewa. Leo vijiji zaidi ya 170 vimo katika chama hicho, na jina lake huleta wageni.

Lakini hatutaki kuwapaka wanachama mafuta kwa mgongo wa chupa. Katika baadhi ya vijiji tulivyoviona, madirisha mengi yalikuwa yamefungwa. Nyumba zimenunuliwa na watu wa mbali wanaokuja wakati wa joto tu. Duka la mikate limegeuka duka la picha za ukumbusho. Bei ya nyumba imepanda hata kijana aliyezaliwa hapo hawezi kukaa. Vijiji vya namna hiyo vimepona kwa macho, lakini watu wake wamepungua. Vilivyotupendeza zaidi ni vile ambavyo bado vina mkulima, fundi, na watoto waendao skuli, hata kama ukuta wake mmoja umeanguka. Sisi tunaokaribisha wageni katika mashamba ya viungo tujiulize mapema: mgeni anakuja kuona shamba linalofanya kazi, au anakuja kuona mfano wa shamba, huku mwenye shamba hana tena hata pishi moja ya karafuu zake?

Yaliyo mbele yetu

Tarehe 26 Disemba mwaka 1999 upepo mkali ulipiga kaskazini ya Ufaransa, na siku ya pili yake mwingine ukapiga kusini. Katika bustani ya kasri la Versailles peke yake ilianguka miti ipatayo 10,000, na katika misitu ya nchi nzima zilianguka zaidi ya mita za ujazo milioni 100 za mbao. Wazee wetu waliyajua mambo hayo. Mwezi wa Aprili mwaka 1872 tufani iling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba, ambayo haikuguswa sana, ndiyo imekuwa ikitoa karafuu nyingi zaidi. Waliobaki baada ya tufani ile hawakukaa wakilia juu ya magogo. Walichimba mashimo wakapanda, na mikarafuu mingi tuliyorithi ni jasho la watu hao.

Kwa hiyo, baada ya kuyapima haya, twaleta mambo matatu mbele ya wanachama, yazungumzwe katika mkutano mkuu ujao.

La kwanza, kila mwanachama aache sehemu ya shamba lake, walau robo, ambayo hataiuza kiwanja wala hataikata kuni, na katika sehemu hiyo kila mkarafuu ufao upandwe mwingine mahali pake. Tumeitaja robo kwa sababu tumeona imewezekana kwa watu wengine. Mkutano ukitaka kiasi kingine, na usema.

La pili, njia za kupitia mashamba zitembelewe na wazee wa kila mtaa, zihesabiwe na kutiwa alama ya rangi kwenye minazi na mawe, na mwenye kuiziba aelezwe kwa upole kabla ya kupelekwa kwa sheha. Rangi si ghali. Denecourt alianza na ndoo.

La tatu, kila mzee ajuaye kazi ya kitalu, ya kupandikiza na ya kuanika, apewe vijana wawili wa kukaa naye msimu mmoja, na Chama kiwape vijana hao chochote cha mkono. Kijana hawezi kushibishwa na nasaha, naye ana haki ya kuuliza atakula nini wakati mche unakua.

Twajua yupo atakayesema kwamba bei ya karafuu hupanda na kushuka, na kwamba kiwanja hulipa leo. Maneno yake ni ya kweli, na hatumlaumu mwenye deni la hospitali au ada ya mtoto. Tunalomwomba ni kwamba kabla ya kuuza aje ofisini tuzungumze, huenda ikapatikana njia ya kuuza kipande na kubakisha kipande. Shamba likishajengwa halirudi kuwa shamba.

Miche iliyo tayari katika kitalu itagawiwa kwa zamu mvua zikianza. Mwenye kuitaka aandikishe jina lake kwa karani wa tawi lake, ataje na idadi ya mashimo aliyokwisha kuyachimba. Asiyechimba shimo hatapewa mche.

Katibu wa Chama